Agizo la "kaa nyumbani" lilimfaa mwenye friji: tabaka, afya na janga la korona (UZI MREFU)

#1 Mzani wa Afya

Wakuu, heshima mbele.

Kila tukigusa korona humu, hakosi mtu wa kuandika kwamba virusi havijui tajiri wala maskini. Sawa, havijui. Masharti ya kujikinga ndiyo yanayojua. Nawa mikono kila mara: uwe na maji. Kaa mbali na mwenzako: uwe na nafasi. Baki nyumbani: uwe na akiba, na mahali pa kuhifadhi chakula cha wiki. Ukiumwa jitenge: uwe na chumba cha pili. Asiye na hivyo vinne hakukaidi amri, maana haikuandikwa kwa ajili yake.

Mfano wa Nairobi. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 68,941 kwa kilomita moja ya mraba Mathare. Ukigawa, kila mtu anapata mita za mraba 14 na nusu, na hapo umejumlisha njia, mitaro, shule na vibanda vya biashara. Mwambie mtu huyo akae mita moja na nusu kutoka kwa jirani.

Halafu kafyu. Ilianza 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Ajira zisizo rasmi Kenya ni asilimia 83 hivi ya ajira zote, na muuza chipsi au samaki wa kukaanga huuza zaidi kuanzia saa kumi na moja jioni. Biashara ya saa tano ikabanwa ndani ya mbili. Wakati huohuo matatu ya abiria 14 ikaambiwa ibebe 8, nauli ikapanda, na kila mtu alitaka kufika kwake kabla ya saa moja. Amri ya kupunguza msongamano iliusukuma wote kwenye stendi, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni.

Kosa lililoniuma zaidi ni la karantini. Mwanzoni waliopelekwa karantini ya lazima kwenye vituo vya serikali walitozwa shilingi 2,000 za Kenya kwa siku. Siku 14 ni 28,000. Nani mwenye kipato cha kibarua atakubali kutajwa na jirani yake kuwa walikutana? Ufuatiliaji wa waliokutana na mgonjwa ulikufa hapo, hata kabla serikali haijaondoa tozo hiyo mapema Mei 2020.

Hoja yangu: kila sharti la afya lina bei, na anayelitangaza ataje nani atailipa. Naomba wanaojua kazi za maji, oksijeni na chanjo wamwage hapa. Vipimo, si kaulimbiu.

#2 Baraza la Sokoni

Mkuu, uzi mzuri, ila mimi napinga. Korona iliingia na ndege, na wapanda ndege si wa Mathare. Wazungu wenye mahospitali walikufa kwa maelfu, sisi tukabaki na barakoa za vitenge. Maskini wapi waliokufa? Tuwekee ushahidi.

#3 Mzani wa Afya

@Baraza la Sokoni swali halali. Nina majibu matatu.

Kwanza, huko huko kwa Wazungu. Ofisi ya takwimu ya Uingereza ilipanga maeneo ya England kutoka yenye dhiki zaidi hadi yenye nafuu zaidi, ikahesabu vifo vya korona kuanzia 1 Machi hadi 17 Aprili 2020. Kwenye dhiki zaidi vilikuwa 55.1 kwa kila watu 100,000. Kwenye nafuu zaidi, 25.3. Nchi moja, wimbi moja, hospitali za bure kwa wote, na bado zaidi ya mara mbili. Madereva wa mabasi, walinzi na wafanyakazi wa nyumba za wazee hawakuwa na kazi ya kufanyia kwenye kompyuta sebuleni.

Pili, takwimu hizo zimesawazishwa kwa umri, na hapa wengi huteleza. Ukilinganisha vifo ghafi vya Uganda na vya Uingereza unalinganisha nchi ambayo nusu ya watu hawajafika miaka 20 na nchi ambayo nusu wamepita 40. Ugonjwa huu uliua wazee zaidi. Lazima uchukue kiwango cha vifo cha kila kundi la umri, ukipime kwa mgawanyo mmoja wa umri, ndipo ulinganishe.

Tatu, kifo kisichopimwa hakiingii kwenye jedwali. Lusaka, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walipima maiti 364 kwenye mochwari ya hospitali ya chuo kikuu. Virusi vilikutwa kwa 70. Kati ya hao, 51 walifia nje ya hospitali na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Kenya nayo, sampuli 3,098 za wachangia damu za Aprili hadi Juni 2020 zilionyesha, baada ya marekebisho, kwamba asilimia 4.3 walikuwa na kingamwili, alama ya kuwahi kuambukizwa. Mwishoni mwa Mei visa vilivyotangazwa nchi nzima vilikuwa karibu 2,000. Tulichokuwa tunahesabu ni vipimo, si ugonjwa.

#4 Baraza la Sokoni

Hiyo ya Lusaka sikuwahi kuisikia. Napunguza sauti kidogo, ila sijahama.

#5 Fundi Mtaro

Nije kwenye maji.

Familia ya watu 5, kila mtu anawe mara 8 kwa siku. Ni minawo 40. Kwa bomba lililoachwa wazi sekunde 20 unamwaga kama lita 2 kila mara: lita 80, madumu manne ya lita 20. Kwa kopo na beseni ni nusu lita: dumu moja. Kwa kibuyu chirizi hata lita 8 hazifiki.

Sasa bei. Kwenye vibanda vya maji vya mitaa duni Nairobi dumu lilikuwa kama shilingi 5, likipanda hadi 20 na zaidi mgao ukianza. Shilingi 5 kwa lita 20 ni 250 kwa lita 1,000. Mwenye bomba ndani ya nyumba yake analipa sehemu ndogo tu ya hiyo. Yaani asiyenacho ananunua maji kwa bei kubwa kuliko aliyenacho, kisha redio inamwambia anawe mara kwa mara.

Kibuyu chirizi cha kudumu hutengenezwa hivi. Chukua dumu la lita 5 lenye mkono. Pasha msumari mwembamba, toboa tundu la milimita 2 upande wa mbele karibu na bega. Jaza maji yaishie chini ya tundu, dumu likisimama wima lisivuje. Simika miti miwili yenye panda, pitisha fito kwenye mkono wa dumu, ilaze juu ya panda. Funga kamba shingoni mwa dumu, ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Chini mwaga kokoto, vinginevyo wiki ya pili una dimbwi na mbu.

Kinachoharibika: tundu kubwa mno (watu hutumia msumari wa paa, maji yanaisha kwa watu kumi), kamba ndefu, kijiti kinagusa ardhi kabla dumu halijainama, na kubwa kuliko yote, hakuna aliyepangwa kujaza. Vituo vingi vya kunawia vilivyowekwa mitaani Machi na Aprili 2020 havikuvunjika, vilikauka. Mfadhili alilipia tangi na koki, hakulipia maji ya mwezi wa pili.

Sabuni ya mche usiitegemee nje, kunguru huibeba. Changanya gramu 30 za sabuni ya unga kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko, ining'inize. Inatosha kuua virusi hivi na ni rahisi kuliko kitakasa mikono.

Sabuni ikikosekana kabisa, klorini ya asilimia 0.05. Kwa jiki ya asilimia 3.5, weka mililita 286 kwenye ndoo ya lita 20, ujazo wote ukiwa lita 20.

#6 Shangazi Pima

@Fundi Mtaro hiyo 286 umeitoa wapi kaka? Chupa yangu imeandikwa 5%.

#7 Fundi Mtaro

Dada, gawa nguvu ya chupa kwa nguvu unayoitaka. 3.5 ÷ 0.05 = 70, maana yake sehemu moja ya jiki katika sehemu 70 za jumla. Mililita 20,000 ÷ 70 = 286. Kwa yako: 5 ÷ 0.05 = 100, kwa hiyo mililita 200 kwenye lita 20. Za kufutia meza na vitasa fanya 0.1, yaani jiki mara mbili ya hiyo.

Angalia tarehe ya chupa, jiki huchakaa hasa ikikaa juani. Ndoo iliyochanganywa ni ya siku moja, yenye mfuniko. Usiichanganye na dawa ya choo yenye tindikali, itatoa gesi ya kudhuru mapafu. Na usiweke sabuni kwenye ndoo hiyohiyo ukidhani unaongeza nguvu.

#8 Mzani wa Afya

Safi. Oksijeni je? Tulikuwa tukipiga kelele kuhusu ventileta, zile mashine za kupumulia, na mimi naamini zilikuwa kelele za kuelekea kusiko.

#9 Valvu na Mita

Umepiga penyewe. Ventileta isiyo na oksijeni nyuma yake ni feni ya bei ghali. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa 2020 yalikuwa kwamba kati ya wagonjwa 100, kama 15 wangehitaji oksijeni na 5 uangalizi mahututi. Hao 15 ndio ambao hospitali ya wilaya ingeweza kuwaokoa.

Ili kupanga, kumbuka dakika 1,440 kwa siku. Mgonjwa wa lita 5 kwa dakika anakula lita 7,200 kwa siku. Mgonjwa wa barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika, anakula 21,600. Gesi iliyomo kwenye mtungi unaipata kwa kuzidisha ujazo wa mtungi kwa shinikizo: lita 50 × bar 137 = takriban lita 6,850. Kwa hiyo mtungi mkubwa ulioupokea asubuhi saa mbili, kwa lita 15, umekwisha saa tisa na nusu alasiri. Ukimweka mgonjwa kwenye mashine ya mtiririko mkubwa wa lita 60, hata saa mbili hazitimii. Mashine hizo zilipogawiwa hospitali zisizo na chanzo kikubwa cha oksijeni, mgonjwa mmoja alikula mitungi ya wodi nzima.

Vyanzo ni vitatu.

Oksijeni ya maji, yaani iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, ndiyo rahisi kwa wingi: lita moja inatoa kama lita 860 za gesi. Inakaa nyuzi 183 chini ya sifuri, inataka tangi la kuta mbili, lori maalum na barabara nzuri. Basi inakwenda hospitali kubwa za mijini tu.

Mtambo wa kuchuja oksijeni hewani unakaa hospitalini penyewe. Hewa inabanwa, inakaushwa, inapita kwenye madini ya zeolaiti yanayoshika naitrojeni, inatoka oksijeni ya asilimia 93 hivi. Wafadhili walipenda kupiga picha mbele ya mitambo hii. Kinachoiua: umeme wa njia tatu unaopanda na kushuka bila stabilaiza, filta za kompresa zisizobadilishwa, mafuta yanapenya na zeolaiti inakufa, kikausha hewa kibovu, unyevu unapenya, tena zeolaiti inakufa. Mingine ilisimikwa bila kompresa ya pili ya kujazia mitungi hadi bar 150, hivyo oksijeni ikaishia wodi zenye mabomba ukutani, na vituo vya jirani havikupata kitu.

Cha tatu ni mitungi. Mitungi ina tatizo lisilotajwa: midomo. Upo wa skrubu, upo wa pini. Regyuleta, kifaa cha kupunguza shinikizo la mtungi, ya mmoja haiingii kwenye mwingine. Msaada unakuja na mitungi ya nchi moja na regyuleta za nchi nyingine, vyote vinapangwa stoo, na ripoti inaandika "vimepokelewa".

Manaus, Brazil, Januari 2021 oksijeni iliisha mji mzima, malori ya msaada yakatoka Venezuela. Ule ni mji wenye viwanda.

#10 Baraza la Sokoni

Mkuu, si wangenunua zile mashine ndogo za kuchomeka ukutani wakagawa kila zahanati? Nimeona zina magurudumu kabisa.

#11 Valvu na Mita

Konsentreta. Ni kifaa kizuri, nakiunga mkono, ila kwa mipaka yake. Ya lita 5 inakula kama wati 350, ya lita 10 kama wati 600. Umeme ukikatika, mgonjwa ameishiwa papo hapo, kwa hiyo lazima pembeni yake usimame mtungi wenye regyuleta inayoingia. Ya lita 10 haimtoshi mgonjwa mahututi.

Matunzo: filta ya sponji ioshwe kila wiki, ikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Mashine ikae sentimita 30 kutoka ukutani, ikibanwa inachemka. Chupa ya unyevunyevu, kama inatumika, iwekwe maji safi kila siku. Kila mwezi iwashe, subiri dakika 5, pima usafi wa oksijeni kwa kipimo chake. Ikishuka chini ya asilimia 82, itoe wodini. Mpira wa mita ukielea kwenye 5 haukwambii kwamba kinachotoka ni oksijeni. Mashine yenye zeolaiti iliyokufa inapuliza hewa ya kawaida kwa lita 5, na muuguzi anaandika kwenye chati "yuko kwenye oksijeni".

#12 Sista Zamu ya Usiku

Hapo nashukuru kaka Valvu. Niongeze upande wa kitandani: hata kujua nani anahitaji hiyo oksijeni kuna upendeleo ndani yake.

Kipima oksijeni cha kidoleni kinapitisha mwanga wa aina mbili, mwekundu na usioonekana. Rangi nyeusi ya ngozi huvuruga usomaji, na vifaa vingi vilisawazishwa zaidi kwa watu weupe. Desemba 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walilinganisha kipimo cha kidole na damu iliyotolewa kwenye ateri. Kati ya wagonjwa ambao kidole kilisoma 92 hadi 96, Weusi 11.7 katika kila 100 walikuwa na oksijeni chini ya 88 kwenye damu. Weupe walikuwa 3.6. Na namba ya kidole ndiyo iliyokuwa ikiamua nani alazwe na nani arudishwe nyumbani.

Kwa wodi zetu maana yake ni hii: 92 au 93 kwa mtu mweusi anayehema kwa shida usiiamini. Hesabu pumzi dakika nzima. Mtu mzima akizidi 30, huyo ana hali mbaya hata kidole kikisoma vizuri. Futa rangi ya kucha, pasha vidole vikiwa baridi, subiri namba itulie, jaribu kidole kingine. Kisha mtembeze hatua chache kama anaweza, upime tena. Anayeshuka kwa kutembea asirudishwe nyumbani.

Na tusisahau kitanda chenyewe. Utafiti wa nchi 10 za Afrika, hospitali 64, Mei hadi Desemba 2020: wagonjwa 6,779 waliombewa nafasi ya uangalizi mahututi, 3,752 ndio walioipata. Kati ya waliofuatiliwa baada ya kuipata, asilimia 48.2 walifariki ndani ya siku 30. Wastani wa dunia ulikuwa 31.5. Madaktari ni walewale waliosoma vitabu vilevile.

#13 Kijana wa Kampala

Shule pia ziwekwe. Uganda zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa zote 10 Januari 2022. Masomo ya redio na intaneti yalimfaa mwenye betri na bando. Mimba za wasichana na watoto kuingia kazini ni afya ya umma vilevile, japo haviingii kwenye jedwali la korona.

#14 Mnyororo Baridi

Na chanjo, kwa kifupi maana mengi yalisemwa wakati ule.

Mpango wa COVAX, wa kugawana chanjo duniani, ulilenga asilimia 20 ya watu wa kila nchi kufikia mwisho wa 2021. Ulitegemea sana kiwanda kimoja cha India, na wimbi lilipoipiga India kuanzia mwishoni mwa Machi 2021 usafirishaji ukasimama. Tanzania ilizindua chanjo 28 Julai 2021 kwa dozi 1,058,400 za Janssen. Afrika Kusini ilikuwa na kiwanda kinachojaza Janssen kwenye vichupa, na sehemu ya shehena hiyo ilipelekwa Ulaya. Mwisho wa mwaka ni nchi saba tu za Afrika zilizofikisha asilimia 40 ya watu waliokamilisha chanjo, Rwanda ikiwamo.

Malawi walisemwa sana kwa kuchoma dozi 19,610 Mei 2021. Wanaowasema hawasimulii kwamba zilitoka kwenye shehena ya dozi 102,000 iliyofika 26 Machi na kuisha muda 13 Aprili. Siku 18! Karibu asilimia 80 ilitumika. Msaada wa chanjo iliyobakiza siku 18 ni kumhamishia mwenzako gharama ya kuteketeza.

Chini kabisa, kwenye zahanati, tatizo ni kichupa. Cha AstraZeneca kilikuwa na dozi 10, na kikifunguliwa kilidumu saa 6 tu. Wamekuja watu wanne, wawili wametembea kilomita 8. Ukifungua unamwaga dozi sita na bosi wako anataka maelezo. Usipofungua unawaambia warudi Alhamisi, na hawarudi. Mjini hilo halitokei, foleni ipo. Kwa hiyo kanuni ya "usipoteze hata dozi moja" inaonekana ya busara ofisini, na inawaadhibu wa vijijini peke yao. Ruhusu upotevu mkubwa kwa zahanati ndogo, uandike kwenye mpango tangu mwanzo, au peleka chanjo yenye kichupa kidogo huko. Janssen ilikuwa na dozi 5 kwa kichupa, sindano moja inatosha. Hiyo ndiyo ilipaswa kwenda vijijini kwanza.

#15 Shangazi Pima

Swali la mwisho kwa kaka Valvu. Kituo cha afya kilichoko kilomita 130 kutoka kwenye mtambo, hakina mtambo na umeme wake ni wa mashaka. Kinapangiwaje?

#16 Valvu na Mita

Dada, anza na wagonjwa wawili wa lita 5 kwa wakati mmoja: lita 14,400 kwa siku, yaani mitungi miwili na kidogo ya lita 6,800. Weka mitatu. Kisha zidisha mara tatu, maana mingine inatumika, mingine imejaa stoo na mingine iko barabarani. Tisa kwa mzunguko wa kila siku. Ukitaka gari liende mara mbili kwa wiki, jipange kwa mitungi 30 hivi. Mmoja wa chuma una kilo 60 hadi 70, pikapu moja haibebi zaidi ya kumi kwa usalama, na ifungwe isimame.

Konsentreta moja ya lita 10 iwe ya kila siku umeme ukiwepo, mitungi iwe ya kuokolea. Hapo mzigo wa mitungi unashuka sana.

Sasa sehemu inayokwama. Oksijeni yenyewe inaandikwa kwenye fungu la dawa, ila mafuta ya gari na posho ya dereva viko kwenye fungu la usafiri, na hilo ndilo hukatwa la kwanza bajeti ikibanwa. Kituo kinakuwa na oksijeni iliyolipiwa, imejazwa, iko kilomita 130. Mwambie mganga mfawidhi aandike oksijeni kwa bei ya kufikishwa mlangoni, mstari mmoja, asikubali itenganishwe.

#17 Shangazi Pima

Nimenakili. Regyuleta nianze kwa kuangalia mdomo wa mtungi, sivyo?

#18 Valvu na Mita

Ndiyo. Piga picha mdomo wa kila aina ya mtungi ulionao, nenda nayo kwa anayejaza, umuulize kama mtambo wake una kiunganishi cha aina hiyo. Ndipo uagize regyuleta, na ziada mbili, kwa sababu kioo cha mita hupasuka mtungi ukianguka.